Ua Usio na Lango

Ndoo aliiacha imesimama. Hilo alikuwa na uhakika nalo, kwa sababu ndoo iliyosimama na ndoo iliyolala hazichorwi sawa: iliyosimama inakuonyesha mdomo, iliyolala inakuonyesha tumbo. Yeye alichora mdomo. Asubuhi alipoondoa kitambaa kilichofunika karatasi akakuta tumbo, na mbele yake doa jeusi la maji yaliyomwagika kuelekea upande wa nyumba.

"Macho yangu yameanza kuchoka," alijisemea, akachukua raba, akaisimamisha ndoo upya.

Mtaani walimwita Mama Penseli, ingawa hakuwa na mtoto. Kazi yake ilikuwa kukuza picha ndogo za vitambulisho kuwa sura kubwa za kutundika ukutani, na alikuwa hodari wa kuwafanya watu waliokunja nyuso mbele ya kamera waonekane wamefurahi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi yake. Kulikuwa na meza aliyoinamisha kwa kuiwekea matofali mawili miguu ya nyuma, kopo la penseli zilizopangwa kutoka ngumu hadi laini, na kando ya dirisha, kiti cha uvivu cha Baba.

Picha hii ya shamba haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Baba.

Tangu mwaka uliopita kumbukumbu zilikuwa zikimtoka mzee kidogo kidogo. Alisahau kwamba ameshakula. Alisahau majina ya wajukuu. Kila asubuhi alivaa ndara ya kulia mguu wa kushoto, na ya kushoto mguu wa kulia, na kila asubuhi binti yake alipiga magoti akambadilishia, naye akasema, "Ahsante, mama," kama alivyomwita tangu akiwa mchanga. Hayo yalivumilika. Lisilovumilika ni kwamba kila ifikapo saa nane mchana mzee alisimama, akachukua fimbo yake, akatangaza kwamba anaenda nyumbani.

"Hapa ndiyo nyumbani, Baba."

"Hapa ni kwa watu. Mimi naenda shambani kwetu."

Alishatoroka mara mbili. Mara ya pili walimkuta ameketi katikati ya barabara kuu, anatoa kokoto kwenye ndara, na mbele yake lori limesimama kwa breki za dakika ya mwisho huku dereva akitetemeka kuliko yeye. Siku hiyo Mama Penseli alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mdogo wake, mshonaji mwenye mdomo mwepesi kuliko cherehani yake, alikuja na kufuli mkononi.

"Tumfungie, Dada. Siku moja tutaletewa ndara peke yake."

"Nimfungie baba yangu? Hiyo kufuli rudi nayo kwako."

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama Baba hawezi kwenda shambani, basi shamba lije kwa Baba. Familia ilihama huko mzee akiwa na miaka kumi na miwili na hakuna picha hata moja iliyobaki, lakini alipomuuliza, mzee huyu asiyejua leo ni siku gani alifumba macho akaanza kueleza bila kusita. Nyumba ilielekea wapi. Zizi la ng'ombe lilikuwa na nguzo ngapi. Hori la kulishia lilikuwa limepasuka upande gani. Binti aliyaandika yote kwenye daftari.

"Na kisima?" aliuliza.

"Kisima kilikuwa katikati ya uwanja. Kina ua wake wa miti, mzunguko mzima. Hauna lango."

"Sasa mlikuwa mnachotaje maji, Baba?"

Mzee alifumbua macho, akaomba chai.

Mama Penseli alikuwa na mtindo wake wa kazi. Alianza juu kushoto na kuteremka hadi chini kulia, na kiganja amekilaza juu ya kipande cha karatasi safi ili mkono usije ukapaka masizi yale ya penseli kwenye kazi iliyokamilika. Alichora mbingu, akachora kilima, nyumba, zizi. Alipofika kwenye kisima aliweka miti ya ua kwa mistari myepesi kama Baba alivyosema, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Picha iliharibika. Kisima ndicho kilikuwa roho ya picha, na ile miti ilikificha chote. Basi akafanya ambalo mchoraji yeyote angelifanya: akaifuta miti, akaacha kisima wazi na ndoo yake kando, na ua akaupeleka mbele kabisa, chini ya picha, ukautie uwanja wote mstari mzuri wa kupumzisha jicho. Lango angelichora mwisho, kona ya kulia.

Kazi ilikuwa nzuri, nani angebisha? Na ndoo ikalala tena kesho yake, na keshokutwa.

Baba aliipenda mno. Aliamuru kiti chake kisogezwe mbele ya meza, akawa anakaa hapo akitabasamu, na saa nane ilipofika hakusimama, alisinzia. Siku ya kwanza alilala nusu saa, siku ya tatu saa mbili, wiki ya pili akawa analala tangu chakula cha mchana mpaka magharibi. Hakutaja tena kwenda nyumbani.

"Dada, umempa nini huyu?" mdogo wake alicheka. "Nipe na mimi nikampe mume wangu."

Wote wawili walicheka. Lakini jioni hiyo, Mama Penseli alipoinama kumvua Baba ndara ili amnawishe miguu, akakuta nyayo zake zina tope. Tope bichi, lenye vipande vya nyasi, lilikuwa mpaka kati ya vidole. Mlango ulikuwa umefungwa mchana kutwa na yeye mwenyewe alikuwa ndani, na nje mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Nguo za mzee zilinuka zizi. Alimnawisha, na maji ya beseni yakabadilika rangi.

Kesho yake mchana, Baba akiwa usingizini, aliisikia sauti. Kwanza alidhani ni baiskeli ya mtu nje, kisha akajua siyo, maana baiskeli hupita, na sauti hii ilikuwa papo hapo ikilia kwa zamu, kwii, ikanyamaza, kwii, ikanyamaza, kama gurudumu la kuvutia ndoo linapozungushwa na mtu asiye na haraka. Ilitoka kwenye meza. Alisogea. Mbele ya mlango wa nyumba aliyoichora, pale ambapo hakuchora kitu, alikuwa ameketi mtu mdogo wa ukubwa wa njiti ya kiberiti, mwenye kofia na fimbo mapajani. Mama Penseli alichukua lenzi ya kukuzia. Mtu yule alikuwa ni Baba. Na pale kisimani, mdomoni kabisa mwa shimo, palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, mahali ambapo jana palikuwa na kivuli.

Alijaribu kulitia kivuli. Penseli iliteleza, haikushika, kana kwamba karatasi pale imepakwa mafuta. Akachukua penseli laini kuliko zote, ikateleza. Kwa hofu akachukua raba akitaka kuondoa kila asichokichora yeye, akaanza na yule mtu wa mlangoni, akamgusa kiwiko kidogo tu, na nyuma yake Baba akapiga yowe usingizini na kushika mkono wake wa kulia. Alipoamka, mkono ule ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na ukaendelea kuning'inia hivyo hivyo siku zilizofuata. Mama Penseli aliitupa raba uvunguni. Sasa alijua kwamba hawezi kuifuta picha wala kuichana, kwa kuwa baba yake yumo.

Na lile doa jeupe lilikuwa linatembea. Jumatatu lilikuwa kisimani. Jumanne lilikuwa kwenye hori. Jumatano lilikuwa chini ya ukingo wa zizi na limeanza kuota mabega. Hakuliona hata mara moja likisogea. Ilitosha ageuke kuchonga penseli, au apige chafya, akirudisha macho anakuta limepiga hatua. Alijaribu kumzuia Baba asilale. Alimpigia redio, alimpa karanga azimenye, alimtembeza chumbani huku na huku kama mtoto anayefundishwa kusimama, lakini saa nane ikifika mzee alilala hata akiwa wima, na ikabidi amshike asianguke.

Siku moja, baada ya kuamka, Baba alimtazama kwa macho ya mtu mwenye akili zake zote.

"Mama, umekitoa ua wake kisima."

"Ulikuwa unakificha, Baba. Haukupendeza."

"Baba yangu hakuujenga upendeze," mzee alinong'ona, akitupa jicho kwenye meza. "Mle ndani mna jini. Lilikuwa linaita watu kwa sauti za mama zao. Marehemu dada yangu aliinama achungulie, akaingia. Tulimtoa. Akala, akacheka, akafanya kazi zote. Ila hakuwa dada yangu. Ndiyo sababu ua ule hauna lango. Na ndiyo sababu tulihama."

"Na wewe ukaniambia unataka kurudi huko?"

"Ndiko nyumbani," alisema Baba, na machozi yakamlenga. "Nifanyeje, mama? Ndiko nyumbani."

Kisha akauliza kama wajukuu wameshakula, na akili zake zikaondoka tena.

Mama Penseli aliifunika picha kwa kitambaa akakimbilia kwa fundi fremu. Fundi huyu alikuwa akizitia picha za Mama Penseli fremu kwa miaka kumi na tano, na watu walisema kwamba kabla ya kushika nyundo alikuwa tabibu wa mambo yasiyoonekana, kazi aliyoiacha kwa sababu, alivyosema mwenyewe, fremu hazikupigii kelele. Alilaza picha, akaweka juu yake kipande cha kioo, wakakaa wakitazama. Taratibu kioo kikaingia ukungu kwa ndani, mahali pawili, duara mbili ndogo zikitoweka na kurudi.

"Wanapumua wawili," alisema. "Mmoja ni nani?"

"Baba."

"Raba umeitumia?"

"Mara moja, Fundi. Mkono wake umekufa ganzi."

"Usirudie. Wewe uliondoa ua, wewe utaurudisha. Akilala kesho, mwite atoke. Mwite kwa jina unalomwita kila siku, mpaka aondoke karibu na huyo mwenzake. Kisha chora miti kumzunguka huyo mwingine, usiache nafasi hata ya sindano. Ukimaliza, chora lango mbele baba yako apate kutoka. Halafu pulizia ile dawa yako, mistari igande. Mimi nitakuja na kioo."

"Nikikosea?"

Fundi alianza kufuta kioo kwa kitambaa. "Dawa ikishakauka, mstari hautoki tena. Kwa hiyo usikosee, binti yangu."

Kesho yake saa nane Baba alilala. Mama Penseli alifunga dirisha, akachonga penseli nne, akaketi na lenzi yake, akaona kwamba lile doa halikuwa doa tena. Lilikuwa limejitia kivuli lenyewe, lina kofia, lina fimbo, limesimama bega kwa bega na Baba kwenye mlango wa ile nyumba, na kati ya hao wawili hakuna hata nywele ya tofauti, hata yeye aliyezaliwa na mmoja wao na aliyeishi kwa kutazama nyuso za watu hakuweza kuapa ni yupi.

"Baba," aliita, midomo karibu na karatasi. "Baba, toka hapo. Njoo nyumbani."

Kwii, ikalia. Harufu ya maji yaliyolala ikajaa chumba.

"Baba, nakuomba. Ni mimi. Njoo kwangu, chai iko tayari."

Alifumba macho kwa sababu ya machozi, na alipoyafumbua mmoja wao alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, akipita kando ya kisima, fimbo mbele, mwili umeinama kama wa mtu mwenye haraka, na mwingine alikuwa ameketi palepale mlangoni, kimya, fimbo mapajani, wala hakuinua uso. Moyo wa binti uliruka kwa furaha. Amenisikia! Akashika penseli na kuanza kumzungushia miti yule aliyebaki mlangoni, mti kwa mti, akibonyeza mpaka karatasi ikalia, kumi, ishirini, jasho likimdondoka kwenye kile kipande cha karatasi chini ya kiganja, asithubutu kupepesa, asithubutu kupumua, huku kiti cha uvivu nyuma yake kikianza kupiga kelele kana kwamba mwenye kukilalia anajinyoosha, mpaka mti wa mwisho ukagusana na wa kwanza na ua ukafunga. Haraka akashuka kona ya kulia, akachora lango, wazi. Alipoinua penseli, uwanja ulikuwa mtupu.

Akapulizia dawa. Mara tatu, kama kawaida yake.

Nyuma yake mtu alipiga miayo.

"Umeamka, Baba?"

"Nimeamka," alisema mzee, akaketi wima, macho maangavu. Alinyoosha mkono wa kulia, ule uliokufa ganzi, akaupokea mkono wa binti yake bila shida yoyote. Mama Penseli alimkumbatia akalia kwa sauti.

Fundi alikuja jioni. Akaweka kioo, wakasubiri. Ukungu ulitokea mahali pamoja tu, ndani ya ule ua. Akamtazama mzee aliyekuwa anakula vizuri mezani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapiga misumari, akaitundika picha ukutani.

Asubuhi yake Mama Penseli alitoka na kikombe cha chai, akapiga magoti mbele ya kiti kama kila siku. Ndara zilikuwa sawa. Ya kulia mguu wa kulia, ya kushoto mguu wa kushoto.

"Umezivaa mwenyewe?"

"Kwani ni kazi?"

Mdogo wake, aliyekuwa amepitia kabla ya kwenda kushona, alipiga makofi. "Baba amepona, jamani! Na haulizii shambani tena?"

"Niende shambani kufanya nini?" alisema mzee. "Hapa ndiyo nyumbani."

Mama Penseli alibaki amepiga magoti. Mwaka mzima alikuwa akisubiri kuyasikia maneno hayo, na sasa yalipokuja, mbele ya macho yake kulikuwa na yule mtu mdogo aliyeketi mlangoni akakataa kuondoka. Nani alikataa? Ni nani, katika hao wawili, aliyewahi kukubali kuambiwa njoo nyumbani akainuka kwa haraka? Baba yake hakuwahi, hata siku moja. Alijikokota hadi ukutani na lenzi mkononi. Ndani ya ua, mtu mdogo alikuwa amesimama sasa, mkono wa kushoto umeshika miti, wa kulia unaning'inia, mdomo wazi. Aliteremsha lenzi hadi miguuni kwake.

Ndara zilikuwa zimevaliwa kinyume.

"Mdogo wangu," alisema. "Njoo uone."

"Nione nini, Dada? Nimechelewa. Baba mzima, wewe bado unaangalia karatasi! Hebu pumzika." Akambusu mzee kichwani, akatoka.

Mama Penseli alinyoosha mkono kwenye fremu. Fimbo ikapita hewani ikasimama mbele ya kifua chake, imeshikwa na mkono wa kulia wenye nguvu kuliko wa kijana.

"Iache," alisema yule aliye kitini, kwa upole. "Imependeza."

Mistari haiwezi kufutika, hilo analijua. Lakini juu ya dawa iliyokauka mstari mpya unaweza kuongezwa, kwa penseli laini, ukibonyeza. Lango la fito tano kwenye ule ua wa ndani ni dakika nne kwake, na dakika mbili za kung'oa misumari. Penseli ameichonga, ameichomeka kwenye nywele chini ya kilemba, na bisibisi iko mfukoni mwa aproni. Kinachotakiwa ni yule aliye kitini asinzie tu, mara moja, kama Baba alivyokuwa akisinzia.

Saa nane ikifika anamletea chakula kizito, anafunga dirisha, anazima redio. Nyuma ya kioo ukungu unatokea na kutoweka, kila siku mdogo zaidi ya jana. Anaketi kwenye kigoda chake, anatazama kitini na kusubiri, na kitini macho yanamtazama yeye.

Wiki ya tatu sasa, hayajafumba wala kupepesa.